Mdoli Wenye Sauti ya Dada

Kabla hajaolewa, dada yangu aliweza kumwigiza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Mshangano. Alimwigiza katekista akipiga chafya katikati ya sala. Alimwigiza mnunuzi wa mahindi anayechukua punje moja na kuigeuzageuza kana kwamba ameletewa sumu. Alimwigiza baba yetu akitafuta miwani aliyoivaa. Mama alikuwa akimfukuza jikoni na mwiko mkononi, huku yeye mwenyewe machozi ya kicheko yanamtoka. Mimi nilizaliwa miaka minne nyuma yake, na kuandika nilijifunza kwa kumsikiliza. Walimu walionipa vyeti hawakunifundisha nusu ya niliyoyapata kwenye jiko lile.

Aliolewa na mtumishi wa serikali kutoka mkoa mwingine, mtu msafi, mpole, anayejua kusalimia. Haukupita muda akahamishiwa Tunduru, dada akamfuata. Walikaa huko miaka kumi na mmoja. Hawakujaliwa mtoto. Kisha siku moja ya Juni, baridi ya Songea ikiwa imeshika kwelikweli, dada alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yetu na mabegi mawili, akamwamkia Mama shikamoo, akaingia ndani. Mume hakuja kumfuata. Hakutuma mshenga wala barua.

Nilimuuliza mara moja tu kama alikuwa anapigwa.

"Hapana," alisema. "Hakuwahi kunigusa. Nilikuwa nikianza kusimulia jambo mbele ya wageni, yeye ananyamaza, ananisubiri mpaka mwisho. Halafu anauliza, 'Umemaliza?' Wageni wanacheka. Baadaye akawa ananiuliza hata tukiwa wawili tu."

Hayo ndiyo maelezo marefu kuliko yote aliyonipa mwaka ule. Vinginevyo alikuwa na majibu manne. Ukimuuliza hali, alisema, "Mzima kabisa." Ukimpa pole, alisema, "Namshukuru Mungu." Ukimtaka achague, iwe nyama au maharage, au kanga ya rangi gani, alisema, "Kama mnavyoona ninyi." Na ukimwambia apumzike, au asogee asikae penye moshi, alisema, "Nimezoea." Alikuwa na sauti ya chini, tambarare, isiyopanda wala kushuka. Mama alikuwa akiisikia anainuka na kwenda uani.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya mjini, na mchana nikitoka kazini nilikwenda Mfaranyaki, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya shule. Huko tulikuwa tukitengeneza katuni. Tulikuwa watatu. Bosi alikuwa mgeni wa Songea kama alivyokuwa shemeji yangu, mtu aliyeanza kwa kupiga picha za video kwenye harusi na vipaimara. Mchoraji alikuwa mzee kuliko sisi wote, na kabla ya hapo alikuwa akichora vichwa vya watu kwenye kuta za saluni. Mimi nilikuwa mwandishi. Kipindi chetu kilikuwa vichekesho vya familia moja: baba fundi wa majokofu, mama mwenye mdomo, mtoto wa kike mmoja, na bibi anayeyajua yote. Tulikiweka mtandaoni, na kituo kimoja cha televisheni kilianza kukirusha jioni za Jumapili. Watu walianza kunisimamisha sokoni. Sitasema uongo, nilipenda.

Siku moja bosi aliingia na mdoli. Ilikuwa imejaa Soko Kuu miezi ile, midoli yenye nywele za dhahabu na betri tumboni. Ukiubonyeza kitovu ulisema maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, kisha ukacheka.

"Mwalimu," alisema, "kila nyumba ina hiki kitu sasa hivi. Tufanyie sehemu moja. Tukicheke."

Niliandika kwa siku mbili. Katika hadithi yangu, baba fundi wa majokofu analeta nyumbani mdoli unaoongea Kiswahili. Una sentensi nne tu. Mtoto anauchoka siku ileile, lakini watu wazima wanaupenda. Bibi anausifia adabu. Baba anauweka mezani wakati wa kula, halafu anaukalisha kwenye kiti cha mkewe. Wanaume wa kijiweni wanakuja kupiga nao soga na kuondoka wakisema hawajawahi kusikilizwa vile. Mdoli unachaguliwa katibu wa kamati ya wazazi shuleni, kwa kura zote. Mama mwenye mdomo, ambaye kwa sehemu nane zilizotangulia hakuwahi kunyamaza, anabaki mlangoni anatazama.

Na mwisho wake ulikuwa huu. Mkutano wa kamati umejaa, mwenyekiti anaugeukia mdoli na kuuliza, "Katibu, wewe mwenyewe unataka nini?" Wanaubonyeza. Haujibu. Wanaubonyeza tena. Mama mwenye mdomo anasema, "Mwacheni afikiri." Basi watu wote wanasubiri, dakika nzima, bila muziki, bila neno. Mmoja anaanza kuangalia viatu vyake. Mwingine anavua kofia. Wanaume wanatoka mmoja mmoja, wanaona aibu ambayo hawawezi kuieleza, mpaka wanabaki mama na mdoli peke yao katika darasa tupu. Anaufunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, wanarudi nyumbani.

Zile sentensi nne sikuzitunga. Msomaji ameshajua nilikozitoa. Nilijiambia kwamba nazitumia kwa ajili yake, kwamba watu wakicheka mpaka wakafika kwenye ile dakika ya kimya, watajua walikuwa wanamcheka nani. Bado naamini ilikuwa hivyo. Naamini pia kwamba nilipoziandika, nilifurahi kuona zinavyochekesha.

Chumba chetu cha kurekodia kilikuwa na magodoro manne yaliyosimamishwa ukutani na blanketi mlangoni, na tulirekodi pale mashine ya kusaga ya jirani inapozimwa. Dada alikuwa ameanza kuniletea chakula cha mchana, kwa sababu Mama alitaka awe anatoka nyumbani. Siku ile umeme ulikatika kabla hatujaanza. Bosi, kwa adabu tu, alimwuliza, "Dada, unaonaje, tusubiri au tuahirishe?"

"Kama mnavyoona ninyi," dada alisema, akaendelea kufunua bakuli la dagaa.

Bosi alinigeukia macho yamemtoka. "Hiyo! Hiyo ndiyo sauti!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijaribu kusema kwamba dada hana nafasi, hapendi mambo haya, lakini bosi alikuwa ameshampa karatasi. Dada alizipeleka dirishani penye mwanga. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa akisoma Misale kanisani zamani. Alipofika katikati alisimama.

"Haya ni maneno yangu," aliniambia. Hakuuliza.

"Ndiyo, dada."

"Watu watacheka."

"Watacheka mwanzoni. Soma mpaka mwisho."

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akarudi kurasa mbili nyuma akasoma mwisho kwa mara ya pili. Bosi na mchoraji walikuwa wametoka nje kuangalia jenereta. Dada alikunja karatasi na kuziweka kifuani.

"Huu mwisho hamtaugusa?"

"Hatutaugusa."

"Basi nitafanya."

Umeme uliporudi aliingia kwenye magodoro, akasimama mbele ya maikrofoni, na ndani ya nusu saa nikamwona dada yangu wa zamani. Kila sentensi aliisema kwa namna tano. "Namshukuru Mungu" yake ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeshiba, ya pili ya mtu anayeogopa, ya tatu ya mtu anayetaka mgeni aondoke. Mchoraji alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye "Nimezoea" alivuta pumzi kidogo kabla ya kusema, pumzi fupi kama ya mtu aliyetaka kusema neno jingine akaliacha. Hakuna aliyemwelekeza. Tulipomaliza, bosi alisema ile dakika ya kimya hakuna haja ya kuirekodi, kompyuta itaiweka.

"Hapana," dada alisema. "Nitanyamaza mwenyewe."

Tukarekodi dakika nzima ya dada yangu amenyamaza. Ukivaa spika za masikioni ulisikia anavyohema.

Siku hiyo tulitembea kwa miguu kurudi Mshangano. Njiani alimwigiza bosi akimshangilia mdoli. Nilicheka sana, na nilipofika nyumbani nilimwambia Mama jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba dada amerudi. Mama alijipangusa mikono, akaenda kumtazama mlangoni.

Kazi ya kuchora ilichukua wiki sita. Uzinduzi ukapangwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi mmoja wa mjini, ili watu waone kabla ya televisheni. Jumanne ya wiki hiyo bosi aliniita. Alikuwa na uso wa mtu anayeleta habari za msiba wa mbali.

"Wale wa televisheni wameiona," alisema. "Wanaisifia. Ila mwisho, Mwalimu. Dakika nzima kimya? Wanasema watu watadhani matangazo yamekatika. Na mkubwa mmoja kasema inaonekana tunawafundisha wanawake kiburi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeurekebisha."

Aliuweka kwenye kompyuta. Mdoli unaulizwa unataka nini, haujibu. Baba fundi wa majokofu anashika kichwa, kisha anacheka: betri zimekwisha! Anatoa betri mpya mfukoni, anauwekea. Mdoli unainuka kwenye meza unaanza kucheza, na kamati yote inacheza, na bibi, na hata mama mwenye mdomo anaacha mlango anakuja kucheza. Wimbo wenyewe ulikuwa neno moja. Bosi alikuwa amechukua ile "Nimezoea" ya dada, akaikata, akairudiarudia juu ya ngoma. Nimezoea, nimezoea, nime-nime-nimezoea. Ile pumzi alikuwa ameiondoa, iliharibu mapigo.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilisema nini. Ningependa kukumbuka kwamba nilipiga meza. Nilichosema ni kwamba ngoma imewahi kidogo pale mwanzoni. Bosi alisikiliza tena, akakubali, akairekebisha. Nikamuuliza kama kuna namna ya kuurudisha mwisho wa zamani kwa ajili ya ukumbini tu. Akasema faili ni moja. Nikasema sawa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta dada anapiga pasi kitenge kipya alichokuwa ameshonesha kwa ajili ya Jumamosi. Pasi ya mkaa, anaipuliza mara kwa mara uani ili majivu yasidondokee nguo. Aliniuliza kama viti vitatosha, maana amewaalika majirani watano na mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani. Nilimwambia vitatosha. Jumatano tulikula pamoja. Alhamisi aliniuliza kama watu wakianza kuondoka kwenye ile dakika ya kimya tutafanyaje, nikamwambia hawataondoka. Ijumaa alinisuka nywele. Nilikuwa nimekaa chini katikati ya magoti yake kwa saa tatu, kichwa changu mikononi mwake, na sikusema.

Ukumbi ulijaa. Dada alikaa mstari wa pili, katikati yangu na Mama, majirani zake nyuma yetu. Mdoli uliposema "Mzima kabisa" kwa mara ya kwanza, ukumbi mzima ulilipuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile Songea. Watu waligongana mabega. Jirani mmoja alimshika dada mkono, "Kumbe ni wewe! Kumbe ni wewe!" na dada aliitikia kwa kichwa, akitabasamu, macho kwenye kioo. Alikuwa anasubiri. Nilimwona anavyosubiri. Mwenyekiti alipouliza swali na mdoli usijibu, dada alishusha pumzi, akakaa wima, mikono magotini.

Kisha betri zikatolewa mfukoni.

Ngoma ilipoanza watu walisimama. Walipiga makofi kufuata mapigo, wakaimba, na mtoto mmoja alipandishwa jukwaani kucheza. Mama hakuelewa, lakini alimtazama dada usoni, kisha akanitazama mimi, na alipomaliza kunitazama nilijua kwamba yeye ameshaelewa. Dada hakusimama. Hakulia. Aliangalia mpaka majina yote yalipopita, na jina lake lilikuwemo, limeandikwa vizuri. Bosi alimwita mbele apewe maua, akaenda, akayapokea, akasema kwenye maikrofoni, "Namshukuru Mungu." Ukumbi ulicheka tena, walidhani anaigiza.

Nje, wakati Mama anaagana na majirani, dada alinivuta pembeni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Aliinamisha kichwa kana kwamba anahesabu. Kisha akanipa maua nimshikie, akaenda kumsaidia Mama kushuka ngazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Kile kipande cha mwisho kilikatwa na watu nisiowajua, kikasambaa kwenye simu. Wanafunzi wangu walikiimba wakifagia darasa. Vijana wa bodaboda Mfaranyaki wakimwona dada walipiga honi na kuita, "Nimezoea!" Hawakuwa na ubaya, walimpenda, wengine walitaka kumpakia bure. Alitumiwa kile kipande na watu wengi kuliko alionao kwenye simu, na mmoja wao alikuwa aliyekuwa mume wake. Hakuandika neno lolote chini yake. Dada alinionyesha, akasubiri niangalie mpaka mwisho, akaichukua simu yake.

Nilikwenda kwa bosi kumwomba akiondoe mtandaoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha ninapomfikiria. Alinikalisha, akaninunulia soda.

"Mwalimu, nimefanya kazi hii miaka mingapi? Sijawahi kuona watu wa hapa wanacheka vile. Wamemcheka nani? Mdoli. Dada yako wanampenda. Nikikiondoa mimi, si kimeshakuwa kwenye simu za watu?"

"Tulimwahidi."

"Wewe ulimwahidi," alisema, bila hasira.

Ningeacha kazi siku ile, hapa ningekuwa na cha kujivunia. Niliandika sehemu nyingine tatu. Nilijidanganya kwamba nikibaki nitakuwa na sauti safari nyingine. Katika sehemu hizo tatu mdoli ulirudi kila mara, kwa sababu watazamaji waliutaka, na sauti walikuwa nayo tayari, hawakuhitaji kumwita mtu. Mimi ndiye niliyeandika wapi ubonyezwe. Niliacha mwaka ulipogeuka, nikasingizia mitihani. Mchoraji alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia kwamba ile michoro ya wanaume wanavyotoka darasani mmoja mmoja ameihifadhi kwake, ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya, na hakuna atakayeiona.

Dada hakugombana na mimi. Angegombana ningemshukuru. Alihamia Lusewa, kwenye shamba la mjomba, ambaye alikuwa amezeeka na hana wa kumsaidia. Alituaga vizuri, akambusu Mama, akanipa mkono. Nilimpigia simu kila Jumapili. Alinieleza habari za mvua na mjomba, akaniomba niwasalimie wenzangu wa shuleni, akakata.

Mwaka jana, shule zilipofungwa, nilikwenda. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi juu ya turubai. Alinipa kigoda, akaniletea togwa, akauliza habari ya Mama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, kwa hiyo niliyamwaga yote kwa pamoja, kwamba nilikosea kuchukua maneno yake, kwamba hayakuwa yangu ya kuwauzia watu, kwamba naomba radhi.

Alinisikiliza huku anapukuchua.

"Maneno nilikupa mwenyewe," alisema nilipomaliza. "Nilisoma karatasi zile, nikaingia kwenye magodoro kwa miguu yangu. Hilo usiliombee msamaha. Mdogo wangu, mimi nilikusuka ile Ijumaa."

"Najua, dada."

"Saa tatu."

Alisogeza lundo la magunzi kwa mguu, akanipa nafasi kwenye turubai. Nilivua viatu nikakaa, nikachukua hindi. Tulipukuchua mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba, tukizungumza kuhusu wadudu wanaoharibu mahindi na dawa ipi ni nzuri. Mjomba aliamka akanisahihisha namna ya kushika hindi. Gari la kurudi Songea lilikuwa linapita saa tisa. Nilikuwa nimebeba nguo za siku tatu, begi likiwa pale pale mlangoni nilipoliweka. Saa nane na nusu dada alikwenda ndani, akatoka na mfuko wa maharage kwa ajili ya Mama, akaufunga vizuri kwa kamba, akauweka juu ya begi langu.